Nywele Ambazo Hazikuwa za Mama

Ujumbe ulipoingia nilikuwa nimeinamia kichwa cha mbao, nafunga nywele kwenye wigi la bwana mmoja wa kizungu aliyekufa zamani sana. Nilifungua simu kwa mkono mmoja. Ulikuwa umetoka kwa mdogo wangu wa kiume. Hakuandika salamu. Alituma picha ya mchoro wa rangi ambao haujakamilika, na chini yake akaandika: Imebaki kidogo tu, Dada.

Uso ulikuwa wa mama. Macho yalikuwa yake, na midomo ile ya mtu anayejizuia kucheka ilikuwa yake. Lakini juu ya uso huo kulikuwa na nywele ndefu, nyeusi, laini, zilizoshuka mpaka mabegani, na mchoraji alikuwa amezichora zinaota kutoka kwenye ngozi ya paji la uso, unywele kwa unywele, kwa upole kabisa, kana kwamba mama alizaliwa nazo.

Kulabu ya sindano ikanichoma kidole. Mwenye karakana, aliyekuwa meza ya pili, akauliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Nilinyonya damu isije ikadondokea wavu wa wigi, nikaitazama tena ile picha, na hasira ikanipanda kuanzia magotini.

Mama yetu hakuwa na nywele zile. Siku aliyopigwa picha ambayo mchoraji alikuwa anainakili, mama hakuwa na nywele kabisa.

Kwetu Morogoro, wakati nikiwa mtoto, kulikuwa na studio ya picha karibu na soko. Ndani kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti chenye mkono mmoja uliovunjika ambao ulifichwa upande wa ukutani, maua ya plastiki, koti la suti la wanaume wote na wigi la wanawake wote. Wigi lilining'inia kwenye msumari kando ya kioo. Muuguzi wa zahanati alipigwa picha nalo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alipigwa nalo. Mama muuza vitumbua alipigwa nalo, na bibi harusi mmoja na mama mkwe wake walipigwa nalo siku hiyohiyo, kwa zamu. Ukizikusanya picha za wanawake wa mtaa wetu za miaka ile utadhani wote ni ukoo mmoja, na ukoo wenyewe una nywele za ajabu.

Baba alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Kwetu mjane hunyolewa matanga yanapoisha, na mama alinyolewa na shangazi zetu uani, amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama. Tulipokwenda studio nywele zilikuwa zimeanza kurudi, urefu wa ukucha. Dada yake mkubwa, aliyeolewa Mwanza, alikuwa ameomba picha ili aone kwa macho yake kwamba mdogo wake bado ni mzima. Mimi nilisimama kando ya pazia, kitinda mimba wetu wa kike yuko mgongoni kwangu.

"Mama, kwa kichwa hicho utamtisha dada yako," alisema mpiga picha.

"Akiogopa kichwa changu, basi hanipendi."

"Weka tu. Safi hili. Nimeliosha Pasaka."

"Pasaka ipi?" mama akauliza.

Akalivaa. Lilikuwa kubwa, likakaa upande, na mstari wake wa mbele ulimkata paji la uso kama kofia. Hilo ndilo lililomfanya ajizuie kucheka. Picha ikapigwa, ikaenda Mwanza. Mwaka uliofuata mama naye alifariki, na mama mkubwa akaturudishia picha hiyo ndani ya kitambaa, kwa sababu nyingine hatukuwa nayo.

Nilikuwa mkubwa wa watoto watatu. Nilianza sekondari nikaiacha kidato cha pili, nikakaa barazani na kuanza kusuka watu nywele. Mdogo wangu alisoma kwa vidole vyangu, na kitinda mimba akasoma kwa vidole vyangu. Silisemi hili ili nishukuriwe. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alipata nafasi ya chuo Kanada, akabaki huku, akamvuta kitinda mimba, kisha wakanivuta mimi mwisho. Nilianza kwenye maghala ya mizigo Malton, pembeni ya uwanja wa ndege, nabandika karatasi kwenye maboksi na kubadilisha mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mteja mmoja niliyekuwa namsukia nyumbani ndiye aliyenipeleka kwenye karakana ya mawigi. Mwenye karakana alinipa kipande cha wavu, sindano na kishungi cha nywele, akaniacha saa nzima. Aliporudi, akanipa meza.

Karakana yetu inatengeneza mawigi ya majumba ya michezo ya kuigiza, na ya zile nyumba za kihistoria ambako wafanyakazi huvaa mavazi ya kale kuwaonyesha watalii na watoto wa shule. Kazi ikija, huja pamoja na nakala ya picha ya zamani iliyochorwa kwa rangi. Tunaibandika ukutani, tunaitazama, tunafuata. Wavu unavishwa kwenye kichwa cha mbao, na nywele zinafungwa fundo moja moja, kwa kulabu nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Mbele, penye paji la uso, unafunga unywele mmoja mmoja. Nyuma unaweza kufunga tatu au nne kwa pamoja. Kisha unazungushia kwenye vijiti, unatia mvuke, unasubiri. Wigi la bwana yule lilikuwa na misokoto miwili juu ya kila sikio na mkia nyuma uliofungwa kwa utepe mweusi. Wiki nzima na nusu unakaa na mtu usiyemjua, unajifunza kichwa chake kuliko mkewe.

Jambo la kwanza alilonifundisha mwenye karakana ni kutazama paji la uso. Nilidhani wale wachoraji wa kale walikuwa wanaficha. Hawakuficha. Tazama vizuri picha za mabwana wale, utaona mstari mahali wigi linapoanzia. Wakati mwingine utaona nywele zake mwenyewe, fupi, zimechungulia penye kipaji. Utaona unga mweupe wa kupaka wigi umemwagika kwenye mabega ya koti, na mchoraji ameuchora ule unga, tena kwa bidii. Watu wale walinyoa vichwa ili wigi likae, na kila mtu mjini alijua. Nyumbani walilivua wakavaa kofia laini, na wengine waliita mchoraji aje awachore hivyohivyo, kipara ndani ya kofia, kwa ajili ya marafiki. Wigi lilikuwa vazi. Hakuna aliyemwambia mtoto wake kwamba zile nywele zimeota kichwani.

Kitu kilichofichwa kwenye picha zile ni kingine. Nywele zenyewe zilikatwa kwenye vichwa vya wasichana maskini wa mashambani, na hao hakuna aliyewachora. Huwa nawafikiria ninapofunga mafundo. Lakini hata hasira hiyo ni ya mbali. Hasira ya siku ile ilikuwa ya karibu, ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Jumapili, baada ya misa ya Kiswahili, kitinda mimba alinichukua kwa gari lake tukaenda Vaughan, kaskazini mwa Toronto, kwa mdogo wetu wa kiume. Mchoro ule ulikuwa wazo lake. Alikuwa amepanga misa ya kumbukumbu ya wazazi, kisha watu waje nyumbani kwake wale, na picha kubwa ya mama itundikwe sebuleni siku hiyo. Ya baba hatuna hata moja. Watoto wake walisema "Shikamoo, Shangazi" kwa sauti ya kukariri, wakageukiana na kuendelea na Kiingereza chao.

"Umeiona?" mdogo wangu akauliza kabla sijakaa.

"Nimeiona. Yule ni nani?"

Akacheka. "Dada, umeanza."

"Nauliza tu. Uso naujua. Mwenye nywele ndiye simjui."

"Si za mama? Zipo kwenye picha."

"Kwenye picha kuna wigi la studio."

Kitinda mimba alikuwa anachambua mchicha kwenye sinia. Mikono yake ikasimama. "Wigi gani tena?"

"Kazi imemharibu huyu," mdogo wangu akamwambia. "Anaona mawigi kila mahali. Juzi kaniambia mwenyekiti wa jumuiya anavaa wigi."

"Na anavaa," nikasema.

Kitinda mimba akacheka, na mimi nikakasirika zaidi, maana nilikuwa sijaja kuchekesha mtu.

"Dada, ulikuwa mtoto," alisema mdogo wangu, kwa ile sauti anayoongea nayo na watu kazini. "Mtoto anachanganya mambo."

"Nilikuwa mtoto niliyekupikia uji."

"Ulioungua."

"Ukaula."

Kitinda mimba ndiye aliyeongea, taratibu, macho kwenye mchicha. Inabidi nieleze kwamba yeye picha ile amelala nayo tangu hajui kusoma. Ipo kwenye simu yake, ipo kwenye fremu kando ya kitanda. Nywele zake hushonea za namna ileile, ndefu, zimegawanywa upande uleule. Nilipata kumwambia habari za studio alipokuwa mdogo, zaidi ya mara moja, naye alisikiliza kama mtoto anavyosikiliza hadithi ya mtu mwingine, kisha akairudia picha. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimwambia: una nywele za mama. Hayo aliyaamini.

"Dada," alisema, "wewe una mama. Kaka ana mama kidogo. Mimi nina hiyo picha tu. Sasa unataka kunichukulia nayo?"

"Sikuchukulii kitu. Nataka achorwe mama yako, si nywele za msumarini pale studio."

"Basi tumwache hivyo alivyo," mdogo wangu akasema, akainuka kwenda kutazama nyama jikoni. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Hilo nalo linaniudhi kwake tangu yuko mdogo. Akishindwa, anainuka.

Mimi sikuinuka. Nilimwambia kitinda mimba anipeleke kwa mchoraji.

Mchoraji ni mama Mhindi wa Goa aliyezaliwa Nairobi, alikuwa karani miaka yake yote, na baada ya kustaafu akajifunza kuchora kwenye ukumbi wa chini wa kanisa lao. Familia nyingi za Afrika Mashariki humpelekea picha za marehemu wao. Tulimkuta kwenye nyumba yake ya ghorofani, amevaa aproni yenye rangi mpaka kwenye kola. Sote tulimwita Anti.

"Karibu, karibu. Viatu vua, hapana vua, shauri yenu. Mama yenu iko pale dirishani, anaota jua kidogo, akauke."

Mchoro ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Nilisimama mbele yake nikatazama macho kwanza, nayo yalikuwa sawasawa kabisa. Kisha nikaziona zile nywele.

"Anti," nikasema, "hizi nywele si zake."

"Najua."

Nikageuka. "Unajua?"

"Aiyo, hiyo si ni wigi ya studio? Mimi ni mtu ya Nairobi. Sisi pia tulikuwa nayo, na miwani ya jua. Baba yangu iko na picha amevaa miwani ya studio, na maisha yake yote macho yake ilikuwa mzuri kama ya paka."

"Sasa mbona umezichora zinaota?"

Akamtazama kitinda mimba, akanitazama mimi, akafuta brashi kwenye aproni bila haja. "Mimi nilichora mstari kwanza. Hapa." Aliweka kidole chake kwenye paji langu la uso, nikausikia ubaridi wa rangi. "Kaka yenu akaja akaona. Akasema, Anti, ondoa mstari, nywele itoke kwa ngozi. Nikauliza, si ni wigi? Akasema, ndiyo, lakini ondoa. Mimi nikaondoa. Ni mama yake."

Ndiyo, lakini ondoa. Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo mara kadhaa. Alijua. Alikaa kwenye kochi lake akaniambia nilikuwa mtoto, nachanganya mambo, na wakati wote alijua.

Nilimwonyesha Anti kwenye simu picha ya yule bwana wa karakana, wigi lake lenye misokoto, na mstari wake wa wazi penye paji. Alicheka, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu mchoraji yake alikuwa mtu mkweli," akasema.

"Basi mfanyie mama hivyo. Usimvue. Kichwa kilichokuwa chini yake hakuna anayekikumbuka ila mimi, na sitaki ukichore kwa maneno yangu. Chora wigi. Lakini lichore kama wigi."

"Mstari ni kazi ya asubuhi moja tu," akasema. "Lakini mimi nitamsikiliza nani? Kaka ananiambia toa, dada ananiambia rudisha."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Na wewe, mtoto? Wewe unasema nini?"

Kitinda mimba ana miaka thelathini na kitu, lakini alisimama pale kama mtoto kweli, anazungusha ncha ya nywele zake kidoleni. "Sijui, Anti," akasema.

"Basi nendeni mjue. Mimi naweka brashi chini."

Tulirudi kwenye gari tukaingia barabara kuu. Theluji ya mwisho wa msimu ilikuwa imebaki pembeni kwa mafungu machafu. Kisha yeye akasema, "Labda Kaka aliona tu haipendezi. Labda hakuwa na nia mbaya."

Hapo ndipo nilipoachia. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia, si kwa kuficha, ila kwa sababu sikuona faida ya mtoto kukijua.

"Siku ya picha ile ulikuwepo," nikasema. "Ulikuwa mgongoni kwangu. Mama alipogeuka kutoka kwenye kioo amevaa hilo wigi ulipiga ukelele wa kusikika sokoni. Alikunyooshea mikono ukanishika shingo usimwendee. Hukumjua. Aliongea na wewe, ukazidi. Alipolivua ndipo ulipomrukia mikononi. Hizo nywele unazozishonea kila mwezi ndizo zilizokufanya usimjue mama yako."

Maneno yalitoka yote bila kupumzika, kwa sauti kubwa kuliko gari lile lilivyohitaji. Aliendesha mpaka mlangoni kwangu, akasimama, akangoja nishuke. Nilishuka. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sioni neno la kuombea radhi katika hayo, maana ndivyo ilivyotokea.

Siku kadhaa zikapita. Kisha akanipigia asubuhi, niko kwenye basi.

"Nimempigia Anti," akasema. "Nimemwambia aurudishe mstari."

"Kwa nini?"

"Kama nililia, nataka nione nililia nini."

Akakata simu. Watu wa Toronto hawamtazami mtu usoni ndani ya basi, na siku hiyo nilishukuru kwamba hawatazami.

Mdogo wangu naye alinipigia mchana wake, wakati wa chakula. Nilitoka nje ya karakana, nikasimama mlangoni bila koti.

"Umemgeuza mtoto," alisema.

"Wewe ulijua."

Nikasikia anaweka kijiko chini.

"Ulijua, ukaniita mtoto ninayechanganya mambo. Mbele ya mdogo wetu. Sebuleni kwako."

"Nilijua," akasema.

"Ukataka mimi ndiye niwe mwongo."

"Watu watakuja kwangu, Dada. Watakaa, watamtazama mama. Unataka waone nini? Mjane aliyevishwa wigi la kuazima?"

"Ndiyo. Kwa sababu ndivyo alivyokuwa."

"Kwako wewe ni rahisi."

Rahisi! Nilitaka kumuuliza ni lipi kati ya mambo yangu na mama lililowahi kuwa rahisi. Nilitaka kumkumbusha nani aliyeuosha mwili wa mama pamoja na shangazi zetu, na nani alikuwa anacheza mpira nje kwa sababu tulimwambia akacheze. Lakini alikuwa amekata. Nilirudi mezani nikafunga mafundo kwa hasira, na mwenye karakana akaja, akatazama, akaniambia kwa utaratibu kwamba safu nzima imekaza mno, wavu umejikunja. Ilibidi niifumue yote. Wigi la bwana yule lina safu moja ambayo nimeifunga mara mbili kwa sababu ya ndugu yangu.

Siku ya misa, padri aliwataja wazazi wetu wote wawili, tukatoka kanisani tukaelekea Vaughan. Kitinda mimba alikuwa ametangulia na mchoro, na alipofika hakumuuliza mtu. Aliutundika mwenyewe. Kaka yake alisimama akamtazama, hakumsaidia, na hakumzuia.

Anti alikuwa amefanya kazi yake. Mstari ulikuwepo, umemkata mama paji la uso, na upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Karibu na sikio la kushoto, pale wigi lilipojiinua kidogo, alikuwa ameweka kivuli chembamba, na ndani ya kivuli rangi ya ngozi. Midomo ilikuwa ileile, lakini sasa ilikuwa na sababu. Mtu mwenye nywele zake kichwani hana cha kuchekea kwenye picha. Huyu wetu alikuwa nacho.

Watu walikula pilau, wakasifu kachumbari, wakaongea habari za nyumba na baridi na watoto. Bwana mmoja aliuliza kama mama alikuwa mwimbaji wa bendi. Mwanamke mmoja wa Arusha alimtazama muda mrefu, akasema tu, "Alikuwa mcheshi, eh?" na kitinda mimba akamjibu, "Nasikia hivyo." Mdogo wangu alizunguka na vinywaji na hakusimama hata mara moja mbele ya ukuta ule. Mimi na yeye tuliongea kuhusu barafu na viti. Zaidi ya hapo, hatukuongea.

Wageni waliondoka jua bado lipo. Mdogo wangu aliingia jikoni kuosha vyombo, mimi nikakusanya masinia. Kitinda mimba alikuwa amesimama mbele ya mchoro, viatu mkononi.

"Dada," akasema, "chini yake kulikuwa na nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu yangu tayari, nimekaa nayo miaka yote: kigoda, uani, shangazi zetu, urefu wa ukucha. Lakini sauti ilitoka jikoni kabla yangu.

"Kulikuwa kama brashi ya viatu."

Sote wawili tuligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu.

"Ukipitisha kiganja kuelekea nyuma, kinateleza," akasema. "Ukikirudisha mbele, nywele zinachoma. Nilikuwa sipati usingizi mpaka nipitishe. Kila siku jioni alikuwa ananiinamishia kichwa pale kitandani, ananiambia, haya fundi, piga brashi ulale." Akatazama mikono yake. "Walipokuwa wanamnyoa nilikuwa nyuma ya mlango wa uani. Nilimwona anavyolia. Sikutaka watu wakae hapa wanamtazama wakati mimi nakumbuka hilo."

Sikuwa nalijua hilo. Mimi nililala chumba cha pili na mtoto mchanga, na jioni zangu zilikuwa za nepi na maji ya kuchemsha. Sikuwahi kukigusa kichwa kile. Miaka yote nilijiona mtu pekee duniani aliyembakiza mama yule, nikambeba peke yangu kutoka Morogoro mpaka hapa, na kumbe huyu alikuwa na kiganja chake. Nilipaswa kulainika. Badala yake damu ilinichemka upya.

"Na ukakaa nalo," nikasema. "Miaka yote. Hukunigawia hata siku moja."

"Hukuuliza."

"Niulize nini nisichokijua?"

"Si ndiyo hapo, Dada? Wewe ulikuwa unajua kila kitu cha mama. Ningekuambia nini?"

Tulitazamana. Sijui tungeendelea mpaka wapi. Kitinda mimba aliweka viatu chini, akamfuata kaka yake pale mlangoni.

"Zinachoma kuelekea wapi?" akamuuliza.

Mdogo wangu hunyoa kichwa, na wiki ile alikuwa hajanyoa. Akainama. Kitinda mimba akaweka kiganja, akakipeleka nyuma polepole, akakirudisha mbele. Akafanya tena. Povu lilikuwa linadondoka sakafuni kutoka kwenye vidole vya kaka yake, na hakuna aliyelijali.

"Njoo na wewe, Dada," alisema, bado ameinama.

Nilimwambia amalize vyombo kwanza.